Bosi Anasema Anatusitiri

Mwanangu Mpishi wa Kaberebere,

Barua yako imenikaa moyoni tangu ilipofika. Unapika katika hoteli ya kando ya barabara ya Mbarara–Kikagati, hapo Kaberebere malori yanapopakia matoke. Mwaka wa tatu sasa unalipwa shilingi 180,000 kwa mwezi, mkononi, bila karatasi yoyote. Siku za kazi unalala chumba cha nyuma pamoja na wenzako, na Jumapili unarudi kambi ya wakimbizi ya Nakivale kwa baba watoto na watoto wenu watatu. Maisha yalikuwa yanakwenda, mpaka mafuta ya kukaangia chapati yalipommwagikia binti mnayefanya naye kazi. Mzee mwenye hoteli alimpa shilingi 20,000 na kumwambia akapumzike kwao. Ulipokwenda kumjulia hali akakuuliza, "Dada, sisi tumeandikwa wapi?" Ukakosa la kumjibu.

Tangu hapo usingizi umekuhama. Mzee anakwambia, "Mimi nawasitiri. Mkiandikwa, serikali itawakata kodi na mgao wenu wa chakula utaondolewa." Baba watoto anakuonya usithubutu kuandikisha jina popote, kesi yenu ya kwenda Marekani itaharibika. Mchungaji naye amehubiri kwamba anayefanya kazi bila kutoa kodi ni mwizi kama wezi wengine, na ulihisi macho yake yanatua kwako. Sasa unaniuliza: "Shangazi, mimi ni mwizi? Na kama siyo, mbona najificha?"

Tuanze na wizi, maana hilo ndilo linalokuumiza zaidi na ndilo jepesi kuliko yote. Katika Uganda, mshahara usiozidi shilingi 235,000 kwa mwezi haukatwi kodi ya mapato. Wako ni 180,000. Iko kodi ndogo ya huduma za mtaa inayokwenda kwa serikali ya wilaya, na kwa mwenye kipato kama chako ni shilingi 5,000 kwa mwaka mzima. Nadhani nauli yako ya Jumapili moja, kwenda na kurudi, inaizidi. Kodi nyingine unalipa kila siku bila kujua. Ukinunua sabuni ya kiwandani, umelipa. Ukitoa hela kwenye simu unakatwa nusu ya asilimia moja, na ndivyo ilivyo tangu mwaka 2018. Mchungaji ana haki ya kuhimiza watu watoe kodi, kwa kuwa barabara na zahanati hazijengwi kwa maombi. Lakini siku akihubiri tena wizi wa kazini, mwombe awageukie pia waliokaa viti vya mbele. Kima cha chini cha mshahara katika nchi hii ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kiasi kilichowekwa mwaka 1984. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kukirekebisha, Rais hakuutia saini. Unapika toka alfajiri katika nchi ambayo sheria yake ingeridhika ukilipwa 6,000, halafu anayeitwa mwizi ni wewe!

Kwa hiyo hapana, mwanangu. Wewe si mwizi.

Swali la pili ndilo lililonikalisha macho. Unajificha nini? Umeandika mara kadhaa kwamba unafanya kazi "kwa siri" kwa sababu wewe ni mkimbizi. Nani alikwambia mkimbizi akifanya kazi Uganda anavunja sheria? Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi anayetambuliwa haki ya kutafuta kazi na kuajiriwa, na haki ya kutembea nchini. Kanuni zake za 2010 zimeeleza zaidi. Ni kweli kwamba maofisa wa ofisi tofauti wamewahi kuvutana juu ya kibali cha kazi, na wenzako walioomba kazi za ofisini wamesumbuliwa kwa ajili hiyo. Lakini haki yenyewe ipo, imeandikwa, na ni ya zamani kuliko kazi yako. Miaka yote hii umekuwa ukijificha kwa kosa ambalo halimo kwenye kitabu cha sheria!

Sasa mtazame yule binti aliyeungua. Umeniambia yeye ni mzaliwa wa Isingiro, Munyankole, ana kitambulisho cha taifa. Hana mgao wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) wa kupoteza wala kesi ya Marekani. Kama mzee hakuandiki wewe ili kukusitiri kwa sababu ya ukimbizi wako, binti huyu anamsitiri na nini? Naomba ulifikirie hilo kabla hujaendelea kusoma, kwa sababu ndilo linaloonyesha nani hasa amefichwa katika hoteli hiyo. Asiyeonekana kwenye vitabu ni mzee, pamoja na madeni yake kwenu. Ninyi wafanyakazi wake wanne mnajulikana vizuri sana na kila dereva wa lori anayekula hapo.

Usinielewe kwamba hofu yako naiona ya kijinga. Wanaochunguza kazi za chinichini wamebishana muda mrefu kuhusu chanzo chake. Wapo wanaosema mtu hupima faida na adhabu, akiona faida inazidi anajificha. Wengine wanasema jambo hili ni la moyo: mtu asiyeiamini dola haoni sababu ya kujipeleka mbele yake. Mzee wako namwona katika kundi la kwanza. Wewe na baba watoto mko katika la pili, na mna sababu zenu.

Umeniandikia kwamba mlikimbia kutoka Rutshuru, Kongo, mwaka 2012, wakati wa vita vya waasi wa M23, na kwamba nyumbani kwenu mnasema Kinyarwanda. Basi wazee wako wanaijua sheria ya uraia ya mwaka 1981, Kongo ilipoitwa Zaire, iliyowaacha wasemaji wengi wa Kinyarwanda bila uraia wa nchi waliyozaliwa. Mtu aliyeona karatasi ikimgeuza mgeni katika shamba la babu yake hakimbilii tena karatasi. Hata huku mlikofika, ardhi ina kumbukumbu. Oktoba 1982, katika utawala wa pili wa Rais Obote, Banyarwanda walifukuzwa makwao katika Mbarara ya wakati ule, Isingiro ikiwa ndani yake. Maelfu walikimbilia mpaka wa Rwanda, na wengine wakarudi kwenye makambi waliyokuwa wametoka, Nakivale ikiwamo. Na Julai 2010, katika makambi ya Nakivale na Kyaka II, Wanyarwanda waliitwa wakusanyike kana kwamba kuna huduma ya kawaida, wakazungukwa na askari, na watu wapatao 1,700 wakapakiwa kwenye malori kurudishwa Rwanda. Wengi wao walikuwa wamekataliwa hifadhi, lakini walikuwamo pia waliokuwa na haki ya kubaki. Majirani zako wa Nakivale walioshuhudia siku hiyo hawatasahau, na wakisikia neno "orodha" wanatazama mlango uko wapi. Anayewaita wajinga hajawahi kukimbia.

Kwa hiyo Mswahili anaposema mficha uchi hazai, mimi humjibu kwamba wapo walioonyesha uchi wao wakapigwa. Kuogopa kwenu kuna historia. Ninachobishana nacho ni kwamba hofu hiyo ya kweli inatumiwa na mtu mwingine kwa faida yake.

Fikiria hili. Dola unayoiogopa tayari inakujua kuliko shangazi yako anavyokujua. Mwaka 2018, Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM) na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa (UNHCR) walipohakiki wakimbizi wa nchi nzima, ulipanga foleni kama wengine. Walichukua alama za vidole vyako na picha ya mboni za macho yako. Wanajua ulizaliwa lini, ulivuka wapi, una watoto wangapi. Kitu pekee wasichokijua ni kwamba unapika Kaberebere. Na katika yote yanayokuhusu, ni hicho kimoja tu walichokosa ambacho kingekuwa na faida kwako.

Twende kwenye mgao. Mzee anasema ukiandikwa utaondolewa. Angalia ulivyokwenda. Mwaka 2020 WFP ilipunguza mgao kwa asilimia 30. Mwaka 2023 familia zikagawanywa kwa makundi, walio dhaifu zaidi wakapewa zaidi na wanaoonekana wanaweza kujisimamia wakaachwa. Mwaka 2025 karibu watu milioni moja nchini wakatolewa kabisa kwenye msaada wa chakula, kwa sababu fedha za wafadhili zilikauka. Umesema kwenu mgao ulishapungua mpaka ukawa hautoshi wiki. Haukupunguzwa na jina lako kwenye daftari la mwajiri. Siwezi kukuahidi kwamba familia yenye mshahara haitatazamwa kwa jicho hilo siku zijazo, kwa kuwa makundi yale ya 2023 yaliwekwa kwa kuangalia nani anaweza kusimama. Lakini pima mwenyewe. Unalinda kitu ambacho kila mwaka kinaliwa na panya wa mbali, na kwa ajili yake unaacha kile ambacho kingebaki mkononi mwako.

Kesi ya Marekani ni jambo la baba watoto, na nitaongea naye kupitia kwako kwa heshima. Mwambie Shangazi anaelewa. Kusubiri miaka kumi na zaidi huku kila anayepiga simu kutoka ng'ambo anasema "mtafika tu" ni mateso. Mwambie pia kwamba UNHCR inapompendekeza mtu kuhamishiwa nchi ya tatu, inaangalia ulinzi wake: aliye hatarini, aliyeteswa, mwanamke au mtoto asiye salama, mgonjwa asiyepata tiba hapa, familia iliyotenganishwa, na asiye na suluhisho jingine la kudumu. Mshahara wa kupika chapati hauondoi hatari iliyowakimbiza Rutshuru. Kilichosimamisha kesi nyingi za Marekani ni amri ya Rais wa huko ya Januari 2025. Jina lako halikuhusika. Kinachoweza kweli kuharibu kesi ni mahojiano. Ukiulizwa unaishi kwa nini, ukasema hufanyi kazi, kisha ikajulikana unafanya, hapo atakayetiliwa shaka ni wewe mzima, hata yale ya kweli uliyosema juu ya vita. Mkiulizwa, nyote wawili semeni ukweli, tena ukweli mmoja.

Sasa mzee mwenye hoteli. Sitaki umchukie. Umesema mwenyewe aliwahi kukupa mshahara wa mwezi ujao mtoto alipolazwa, na kwamba hajawahi kukutukana. Ndiyo maana unaona aibu hata kuniandikia, kana kwamba unamsengenya baba yako. Wema wake ni wa kweli. Lakini mwanangu, wema wa mtu ukimalizika, au mtu mwenyewe akifa kesho na wanawe wakaja kuigawana hoteli, utamwonyesha nani kwamba ulifanya kazi hapo?

Na huenda hata hajui. Zamani Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, ulimlazimu mwajiri mwenye wafanyakazi watano au zaidi. Ninyi mko wanne, kwa hiyo alikuwa nje ya sheria hiyo bila kosa lolote. Sheria ilirekebishwa Januari 2022, na sasa hata mwenye mfanyakazi mmoja anapaswa kuchangia. Wenye hoteli wengi hawajasikia, na wengine wamesikia wakaziba masikio. Hesabu yenyewe ni hii: wewe unakatwa asilimia 5, yaani shilingi 9,000, naye anaongeza asilimia 10 kutoka mfukoni mwake, yaani 18,000. Kila mwezi zinaingia 27,000 kwa jina lako, na kwa mwaka ni 324,000 kabla ya faida. Kwa ninyi nyote wanne, kama mnalipwa sawa, yeye anatoa 72,000 kwa mwezi. Kwa hoteli ya Kaberebere, bei ya kuni na unga ikipanda, 72,000 zinauma, na sitajifanya haziumi. Hata hizo 9,000 zako zinauma. Najua kuna mwezi ambapo 9,000 ni daftari na kalamu za mtoto, na pesa ya NSSF huipati kesho. Kwa kawaida ni hadi miaka 55, au 45 kwa sehemu tu kama umechangia miaka kumi. Ipo pia njia ya anayehama nchi moja kwa moja kuchukua akiba yake, kwa masharti ambayo ofisi yao ya Mbarara inaweza kukueleza. Mweleze baba watoto hilo, maana nadhani litamfanya aketi vizuri kitini. Kuandikwa anakodhani kutawazuia kusafiri kunaweza kuwapa akiba ya kusafiri nayo.

Kuhusu kuandikwa kwenyewe, kuna jambo ambalo vibarua wa leja leja mashambani huko Isingiro na wa jikoni kama wewe mmelishika vibaya, na waajiri wamewaacha mlishike. Mnadhani bila karatasi hakuna ajira. Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inakubali mkataba wa mdomo. Na Kanuni za 2011 zinasema kibarua akiendelea zaidi ya miezi minne anastahili mkataba wa maandishi. Wewe uko mwaka wa tatu. Wewe ni mwajiriwa tayari, mwanangu. Unachodai kwa mzee ni maandishi ya jambo ambalo lipo.

Hili linamgusa yule binti kuliko linavyokugusa wewe. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi inambana mwajiri hata kama aliyeumia alifanya uzembe, na gharama za matibabu zinazostahili ni za mwajiri. Shilingi 20,000 na "kapumzike kwenu" hazimalizi deni hilo. Kutoandikwa kwake hakumfanyi asiwe mfanyakazi.

Unaweza kuuliza, Shangazi, kama sheria ziko hivi, mbona nchi nzima inafanya kazi gizani? Shirika la Kazi la Kimataifa lilikadiria mwaka 2018 kwamba watu bilioni mbili duniani wanafanya kazi zisizo rasmi, na Afrika ni zaidi ya asilimia 85 ya wanaofanya kazi. Huko Ulaya kwenyewe, katika uchunguzi wa maoni wa 2019, mtu mmoja kati ya kumi alikiri kununua kitu au huduma ambayo alihisi haikutangazwa kwa serikali, na sababu kubwa ilikuwa bei. Kwetu sababu ni nyingi zaidi na nzito zaidi. Anayelima ndizi za mtu kwa siku moja ili mwanawe ale jioni hawezi kungoja fomu. Mwenye kibanda amechoka na maofisa wanaokuja na risiti za kila rangi. Mkimbizi anaogopa orodha. Na mahali ambapo jirani zako wote hawajaandikwa, atakayeanza kuuliza anaonekana ana kiburi. Nadhani hilo la mwisho ndilo linalokufunga wewe zaidi, ingawa hukuliandika. Unaogopa wenzako watasema mkimbizi amekuja kutuharibia kazi.

Basi usiende peke yako. Kaa kwanza na wale wawili waliobaki jikoni, muwaze pamoja. Kisha mwendeeni mzee asubuhi ya siku isiyo ya gulio, kabla wateja hawajaanza, mkamwamkie kwa adabu zenu zote. Usianze na sheria. Anza na binti. Mwambie mmeogopa, na kwamba mnampenda binti na mnaipenda kazi. Ndipo mumuulize kama anajua NSSF sasa inawahusu hata wenye wafanyakazi wachache, na kama yuko tayari mwende naye Mbarara kuuliza. Mpe nafasi ya kuwa mtu mwema kwa njia inayohesabika.

Akikataa, una uamuzi wa kufanya, na hautakuwa mwepesi. Wewe ndiye unayejua kama nyumba yako inaweza kukosa 180,000 mwezi mmoja. Sikutumi uache kazi. Lakini hata ukibaki, yapo unayoweza kufanya bila ruhusa ya mtu. Omba mshahara upitie kwenye simu badala ya mkononi, ili kila mwezi uwe na ujumbe wenye tarehe na kiasi. Makato ya kuutoa ni bei ya ushahidi. Kama atakataa, nunua daftari, andika siku za kazi na malipo, mwombe aweke sahihi yake kila mwisho wa mwezi. Uhakiki wa OPM ukiitwa, nenda, usipitwe kwa sababu ya kazi. Na ukitaka kujiwekea mwenyewe, NSSF sasa inapokea pia akiba ya hiari ya mtu asiye na mwajiri anayemchangia.

Kwa binti usingoje mzee aamue. Mpeleke kwanza hospitali ikiwa kidonda hakijakauka, na mwombe daktari aandike kilichotokea na siku yake. Kisha mwende wote wawili makao ya wilaya, Isingiro, kwa ofisa wa kazi. Ofisi hizo zina watu wachache na mafaili mengi, kwa hiyo msikate tamaa mkiambiwa mrudi wiki ijayo, rudini. Kwako wewe mkimbizi ipo pia Refugee Law Project ya Makerere, ambayo imekuwa ikiwasaidia wakimbizi kisheria tangu 1999. Jumapili uliza Base Camp hapo Nakivale siku wanazopokea watu, na umpeleke baba watoto akasikie mwenyewe, maana naona hatakuamini mpaka aambiwe na mwenye faili mkononi.

Niandikie binti anaendeleaje.